Sori Aliyoingoja Baba

Mama yangu aligongwa na gari Miteja, kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwetu, akiwa amebeba beseni tupu kichwani. Alikuwa anatoka Nangurukuru, ambako kwa miaka mingi aliwauzia samaki wa kukaanga na mihogo abiria wa mabasi ya Lindi na Mtwara. Jioni ile alishuka ng'ambo ya barabara kama kawaida yake. Lori lilikuwa linakuja polepole kutoka upande wa Somanga, akaona ana nafasi, akavuka mbele yake. Nyuma ya lori kulikuwa na gari jeupe la kampuni, nalo likajitokeza kulipita.

Waliokuwepo walisema hawakusikia honi. Walisikia beseni.

Mimi nilikuwa Lindi mjini, ninakofundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa naanua nguo. "Dada, njoo," akasema, na hakuongeza neno. Kwetu mtu akikwambia "njoo" bila kukusalimu, huulizi. Nilifika asubuhi, mama ameshaoshwa. Tukamzika baada ya sala ya adhuhuri, kwenye makaburi yaliyo nyuma ya mikorosho ya babu.

Alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Nasema hivyo kwa sababu msibani watu walimfanya mpole, msikivu, mtu asiyegombana, na mimi nilikaa pale kwenye jamvi nikiwasikiliza wakimzika mtu mwingine. Mama aligombana. Aligombana na makondakta waliowaharakisha abiria wake kabla hajarudisha chenji, na wenye vibanda waliomwaga maji machafu mbele ya meza yake. Usiku aligombana na baba kwa Kimatumbi, kwa sauti ya chini, wakidhani sisi watoto hatusikii. Lakini ugomvi wake ulikuwa na mwisho. Aliyemkosea akija na kusema, "Mama, nisamehe," palepale alimkatia kipande cha samaki. Asiyekuja, alimhesabu kama hayupo duniani. Baba alikuwa hivyohivyo, ila yeye hakuwa na maneno. Yeye alikuwa anangoja tu.

Siku ya tatu ya matanga yalikuja magari mawili meupe. Kampuni ile ilikuwa inapima ardhi kwa ajili ya kutafuta gesi, na ilikuwa na kambi upande wa kusini wa Nangurukuru. Jina lake sitalitaja, na wala halipo tena. Kwenye gari la kwanza alishuka meneja, mzungu mrefu wa makamo, pamoja na mkalimani wake, kijana wa Kimakonde aliyekulia Lindi mjini. Gari la pili lilileta magunia ya mchele, sukari na katoni za maji ya kunywa.

Sitamwonea yule mzungu. Alivua viatu bila kuambiwa. Aliketi kwenye mkeka kwa tabu, magoti juu, na macho yake yalikuwa mekundu. Baba alikuwa amekaa na wanaume wenzake barazani, mkono wake wa kulia ameketi baba mkubwa, kaka yake, aliyekuja kutoka Milola. Sisi wanawake tulikuwa ndani, na mimi nilikuwa karibu na mlango, kwa hiyo kila kitu nilikisikia mara mbili, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili.

Meneja alisema kwamba yeye binafsi, na kampuni nzima, ni sori sana kwa kilichotokea.

Mkalimani akasema, "Anasema yeye na kampuni nzima wanawapa pole nyingi kwa msiba huu mzito. Anasema ajali ni mipango ya Mwenyezi Mungu."

Mungu hakutajwa. Kijana alimtia mwenyewe, nadhani kwa adabu, akiona hotuba ya mgeni imekuwa fupi mno kwa baraza lenye wazee.

"Tumeshapoa," wakaitikia wanaume.

Baba hakuitikia. Alimtazama meneja, akamtazama mkalimani, akasema, "Mwambie pole yake nimeisikia. Sasa aendelee."

"Aendelee na nini, mzee wangu?"

"Na lililomleta."

Inabidi nieleze hapa, ingawa kwa wengi wenu ni kama kueleza maji. Pole kwetu haina mwenyewe. Unampa mgonjwa, unampa aliyejikwaa, unampa anayetoka shamba na jembe begani. Hukumfanya chochote, lakini unampa, naye anakujibu ameshapoa hata kama bado anaungua. Siku zile tatu tulishapewa pole na kijiji kizima, na madereva wa mabasi waliokuwa wakinunua samaki kwa mama, na mtu mmoja aliyepita na baiskeli hata hatukumjua. Samahani ina mwenyewe. Wa kuitoa ni mmoja tu, yule aliyekosa, na wa kuipokea ni mmoja tu. Baba alikuwa ameketi barazani kwake akingoja mwenye nayo.

"Mzee," mkalimani akasema, "ameshasema."

"Amesema pole. Pole hata mpita njia katupa. Muulize, anaomba msamaha?"

Kijana akatoka jasho. Akageuka, akasema kitu kirefu kwa Kiingereza kilichopinda, kwamba mzee anashukuru na angependa kusikia zaidi kutoka moyoni. Meneja akaweka mkono kifuani na kurudia lile lile. Sori, sori sana.

"Anasema pole sana, tena kutoka moyoni," mkalimani akasema.

Hapo baba akaita. "Binti yangu yumo ndani, ni mwalimu wa lugha hiyo. Aje."

Baba mkubwa akamshika mkono. "Mdogo wangu, mgeni kaja msibani. Tusimhoji kama polisi."

"Simhoji. Nataka kujua kasema nini."

Nikatoka, nimejitanda kanga, nikapiga magoti pembeni ya mkeka. Sikuwahi kukizungumza Kiingereza mbele ya baba. Nilimwambia meneja kwamba baba yangu anataka kujua kama anaomba msamaha. Akanitazama kwa mshangao kidogo, kama mtu aliyekuta taa imewashwa katika chumba alichodhani hakina mtu.

"Nimeshasema sori," akanijibu.

Nikamuuliza kama anatusikitikia sisi, au anajutia alichotenda.

Akakunja vidole vya miguu kwenye mkeka. Kisha akasogea karibu yangu na kusema kwa sauti ya chini kwamba mwanasheria wao, huko makao makuu, amemwagiza asitamke neno lolote linaloweza kuchukuliwa kuwa ni kukiri kosa. "Naomba unielewe," akasema.

Nilimwelewa. Ndiyo kazi niliyosomea. Nikamgeukia baba.

"Anasema amekatazwa."

"Amekatazwa na nani?"

"Na mwanasheria wao."

"Mtu mzima huyu?" baba akauliza.

Hakuna aliyecheka. Baba mkubwa aliomba dua, meneja akavaa viatu, magari yakaondoka. Mchele wao ulipikwa, kwa sababu msiba una watu na watu lazima wale, lakini baba hakuugusa. Alikula muhogo aliouchimba mwenyewe.

Jioni, watu walipopungua, aliniita uani.

"Kwani hao hawana neno la samahani?"

"Wanalo, baba. Wanasema sori."

"Na la pole?"

"Sori pia."

"Neno hilohilo?"

"Hilohilo."

"Sasa mtu akiambiwa, atajuaje kapewa lipi?"

Nikamwambia kwamba wenyewe wanajua kwa namna linavyosemwa na linavyofuatwa. Nikamwambia pia yapo maneno mengine, marefu zaidi, yasiyo na maana mbili, mtu akitaka kuomba radhi wazi.

"Hayo aliyasema?"

"Hapana."

"Basi alijua anachofanya," baba akasema, akaenda kutawadha.

Wiki iliyofuata alikuja dereva. Alikuwa ameachiwa kwa dhamana. Alikuja peke yake, kwa miguu kutoka kituo cha basi, mwanamume wa umri wangu mwenye watoto Masasi. Alipofika mbele ya baba alipiga magoti kwenye mchanga na kushindwa kusema, akawa anatikisika tu. Baba alimngoja. Mwishowe ikatoka: "Baba, nimekuulia mkeo. Nisamehe."

Baba alimwinua. Alimwita mwanangu. Akasema, "Nimekusamehe, na Mungu akusamehe," kisha akaniambia nilete maji. Yule mtu alikunywa kata nzima kwa mkupuo mmoja. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na panga la kukatia kuni, na sidhani kama alijua amelishika.

Baadaye, akiwa ametulia, dereva alitueleza. Meneja alikuwa pembeni yake siku ile, kwenye kiti cha mbele. Walikuwa wamechelewa kikao Kilwa Masoko. Meneja alikuwa anajua maneno machache sana ya Kiswahili, na yale aliyoyatumia zaidi yalikuwa "haraka, haraka". Alipoona lori alipiga dashibodi kwa kiganja na kuyasema. Dereva akalipita lori.

"Sijitetei," akasema. "Usukani niliushika mimi."

"Wewe tumemalizana," baba akasema. "Bado mwenzako."

Kesi ilisikilizwa Kilwa Masoko. Dereva alikiri kosa. Alipoulizwa kwa nini alilipita lori mahali pale, alisema alikuwa na haraka. Haraka ya nani, hakimu hakuuliza, naye hakusema. Meneja hakuwepo, tuliambiwa amekwenda kwao likizo. Dereva akafungwa. Nje ya mahakama nilimfuata mke wake, aliyekuwa amekaa chini ya ukuta akimnyonyesha mtoto, nikamuuliza kwa nini mumewe hakueleza yote.

"Walimwambia akinyamaza, akitoka watamrudisha kazini," akasema. Akafuta pua ya mtoto kwa ncha ya kanga. "Hawatamrudisha, najua. Lakini ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nikampa pole. Naye akanijibu, "Nimeshapoa."

Baada ya arobaini nikarudi Lindi. Baba alikuwa anapiga simu kila Ijumaa baada ya sala, na baada ya kuulizana hali alikuwa na swali moja. "Yule bwana kasharudi?" Hakutaka fidia, na walipotuma mtu kuizungumzia alimwachia baba mkubwa hayo mambo, kama vile hayamhusu. Alitaka kitu ambacho angekipokea mwenyewe, kwa masikio yake, akijibu kwa kinywa chake. Aliniambia mara moja, kwenye simu, na hakurudia tena: "Mwanangu, kusamehe nako ni haki yangu. Wananinyima. Siwezi kumsamehe mtu ambaye hajaomba. Nitampa nini, na yeye hajanyoosha mkono?"

Meneja aliporudi nilikwenda ofisini kwao. Walikuwa wamepanga nyumba kubwa Lindi mjini, karibu na ufukwe, yenye kiyoyozi kilichotoa baridi ya kuumiza meno. Nilivaa gauni langu la mikutano ya wazazi. Alinikumbuka mara moja, akasimama, akanipa kiti na maji.

Nilimwambia sikuja kudai chochote ila neno. Nikamwambia hakuna karatasi, hakuna shahidi, kuna gari la abiria linalotoka saa nane, tukiondoka sasa jioni tuko Miteja, yeye na mimi tu. Akae kwenye mkeka uleule aseme hivi na hivi. Nikamtamkia kwa Kiswahili, maneno mawili, rahisi kuliko mengi aliyokwisha kujifunza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasugua paji la uso.

"Nilishasema sori kwa baba yako," akasema.

"Ulisema ile ya pole."

"Niliimaanisha."

"Sikatai. Lakini yeye anangoja ile nyingine."

Akatazama dirishani. Nilimwona akihangaika, namwambia ukweli msomaji, nilimwona mtu ndani yake akisimama na kukaa. Kisha yule mtu akakaa kabisa, akabaki meneja. Akasema kwa Kiingereza kizuri, kilichonyooka, ambacho ningeweza kukiandika ubaoni kwa kidato cha tatu: ni sori kwamba baba yangu anajisikia hivyo.

Hiyo ilikuwa sori ya tatu, ambayo chuoni hawakunifundisha. Ukiifungua ndani hukuti pole wala samahani. Unakuta kosa limegeuzwa, limerudi kwa aliyekosewa, kwamba tatizo si gari wala dashibodi, tatizo ni moyo wa mzee mmoja Miteja unaojisikia vibaya.

Kabla sijajibu simu yake ikalia. Akanionyesha kidole ningoje, akaipokea, mtandao ukawa unakatika. "Sori?" akasema, akipandisha sauti mwishoni. "Sori?" Yaani hasikii, arudie. Alilisema mara nyingi kwenye simu ile, na kila mara aliyekuwa upande wa pili alirudia kwa uvumilivu mpaka akasikika.

Nilisimama. Naye akasimama, simu ikiwa bado sikioni, akawahi kunifungulia mlango, na katika kuwahi akanikanyaga kiatu. Akaruka kama aliyekanyaga moto. Akaondoa simu sikioni, akainama, akaniangalia usoni. "Oo! Sori! Sori sana!" Uso ulimwiva. Hiyo ilikuwa samahani, safi, bila mwanasheria, imetoka yenyewe kabla hajaifikiria. Kwa ajili ya kiatu.

Nikamjibu, "Si kitu," kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Nikatembea mpaka stendi nikiwa nachechemea, na sikuwa nimeumia.

Ijumaa ile baba alipiga.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alisema?"

Kulikuwa na kelele za kuku upande wake. Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja, naye hakuwa na njia ya kuhakikisha.

"Hakusema, baba."

"Haya," akasema, na akakata simu bila kuniaga.

Mdogo wangu alinipigia usiku uleule, akifoka. "Dada, kwa nini hukumwambia amesema? Ungempunguzia nini yule mzungu? Mzee hali, halali, anakaa barazani anatazama barabara. Ungemwambia tu, kamwaga machozi, kaomba radhi, basi. Ungemponya!"

"Ningemdanganya."

"Kwani wote hawajamdanganya? Mkalimani kamtaja Mungu, dereva kanyamaza mahakamani, wewe peke yako ndiye umeona ukweli una faida!"

Hilo bado linaniuma. Baba aliniuliza swali la tafsiri, nami nikamtafsiria. Ningekuwa binti zaidi na mwalimu kidogo, sijui.

Lakini mdogo wangu naye alikuwa na lake. Alikuwa ameajiriwa kambini kama mlinzi. Kampuni ilitangaza kuchukua vijana wa vijiji vya jirani, akaomba, wakamchukua, na alituficha. Baba aligundua mwenyewe. Alikwenda Nangurukuru kununua dawa ya kupulizia mikorosho, akamkuta mwanawe amesimama kwenye kibanda cha chipsi, amevaa sare ya kijivu yenye nembo ileile iliyokuwa mlangoni mwa lile gari. Palikuwa pale pale, kando ya meza aliyokuwa akiuzia mama, ambayo sasa inauziwa maembe na korosho.

Mwenye kibanda ndiye aliyenisimulia. Alisema baba hakupandisha sauti.

"Umevaa nguo zao," baba akasema.

"Baba, shikamoo."

"Nimesema umevaa nguo zao."

"Kazi ni kazi, baba. Mama amekufa. Mimi sijafa. Nina mchumba, nataka kuoa, na korosho zako hazinitoshi. Nikae nawe barazani tungoje neno la Kiingereza?"

Watu waliacha kula. Baba aliweka kopo la dawa chini, akalichukua tena, akaondoka bila kupanda gari. Alitembea barabarani mpaka alipookotwa na lori la chumvi.

Tangu siku hiyo hakumtaja kwa jina. Mdogo wangu alikuja nyumbani Idi el Fitri amevaa kanzu, akabisha hodi, baba akatoka kwa mlango wa uani akaenda shamba siku ya Idi, kitu ambacho hakuna mtu kwetu amewahi kukifanya. Alioa bila baba. Baba mkubwa ndiye aliyesimama mahali pake. Mimi nilipika pilau, nikatenga sahani, nikaipeleka Miteja imefunikwa, na baba akaniuliza imetoka wapi. Nilipomwambia, akawapa watoto wa jirani.

Kisha kampuni ikafunga kazi. Hatukuelezwa kama walipata walichokitafuta au hawakukipata. Mwezi mmoja magari yalikuwa yanapita, mwezi uliofuata kambi ilikuwa kiwanja kitupu, na watu wa karibu walikuwa wamekwisha kung'oa mabati na nyaya. Walinzi waliitwa wakakabidhiwa barua, kila mmoja yake, inayosema kwamba kampuni ni sori kuwaarifu kwamba ajira zao zimekoma. Mdogo wangu alinipigia simu nimtafsirie. Niliisoma kwenye picha aliyonitumia.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Wanasikitika kukuarifu kwamba huna kazi."

"Wanasikitika?" Akacheka kicheko kibaya. "Hapo ni ipi sasa, ya pole au ile nyingine?"

"Hapo si yoyote," nikamwambia. "Hapo ni kama shikamoo ya barua."

Meneja aliondoka na wenzake, akarudi kwao au akapelekwa nchi nyingine. Dereva alitoka gerezani na hakurudishwa kazini. Anaishi Masasi, analima mbaazi. Kila mwaka, karibu na siku aliyokufa mama, anampigia baba simu kumjulia hali. Baba humwita mwanangu, wanaongea kuhusu mvua na bei ya korosho kwa muda mrefu kuliko anavyoongea na mimi. Nimewahi kukaa pembeni nikiwasikiliza, mume aliyefiwa na mtu aliyemuua mkewe, wakicheka juu ya nguruwe wanaokula mihogo, na mdogo wangu yuko Nangurukuru, mwendo mfupi wa gari, anaendesha bodaboda na kupita mbele ya nyumba ile akiwa na abiria bila kugeuza shingo.

Nilimwambia akamwombe radhi baba. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa ukali.

"Nimwombe radhi ya nini?" akasema. "Ya kufanya kazi? Nikiomba nitakuwa nasema uongo. Si ndiyo wewe husemi uongo?"

Mwaka jana mkewe alijifungua mtoto wa kike, wakampa jina la mama. Hawakuuliza mtu. Nilipokwenda kumwona mtoto, wifi yangu alinisukumia kapu la nguo akasema, "Wifi, mpeleke kwa babu yake. Mimi siogopi. Nitakuja nawe." Yule binti ni Mmwera, ana uso mkavu na hapendi kuzunguka.

Tulimkuta baba anatandaza korosho juani. Wifi yangu alimsalimu shikamoo, baba akaitika marahaba, kwa sababu salamu haikataliwi. Kisha wifi akamwekea mtoto mikononi kabla hajapata nafasi ya kukataa, akamtajia jina lake.

Baba alisimama pale na mikono yenye utomvu, anamshika mtoto kwa viganja vya nje asimchafue. Alimtazama sana. Alimwambia kitu kwa Kimatumbi, kwa sauti ile ya chini ya zamani ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Mtoto akapiga chafya.

Pikipiki ilikuwa imezimwa barabarani. Mdogo wangu alikuwa ametuleta mwenyewe, akabaki kule chini, amekaa juu ya kiti chake, kofia ya chuma bado kichwani. Kutoka pale uwanjani alionekana vizuri.

"Baba," nikasema, "yupo pale."

"Namwona."

"Nimwite?"

Baba alimrudishia wifi yangu mtoto, akamwambia amlete tena, kila wiki akiweza, na asimfunike sana kwenye joto hili. Akachuma mapapai mawili akampa abebe. Kisha akainama kwenye korosho zake, akaanza kutoa mbovu na kuzitupa pembeni, akiwa ameipa barabara mgongo.

Tulishuka na mapapai yetu. Mdogo wangu alimpokea mkewe mzigo, akaufunga nyuma kwa mpira, akauliza mzee amesema nini.

"Amesema mtoto aletwe kila wiki," mkewe akamjibu.

Akangoja kidogo kama kuna zaidi. Kisha akawasha pikipiki.